Barafu Haitamponya Mtoto Mliyemnyima Usingizi

Wasee wangu, leo hatuongelei nani alifunga ngapi wala nani amehamia timu gani. Leo nataka tugombane kidogo. Kila wikendi lazima nikutane na klipu moja ya aina hii: kijana wa kidato cha pili ametumbukizwa kwenye pipa la maji ya barafu hadi kifuani, meno yanagongana, wenzake wanacheka na kurekodi, na juu ya video kuna maneno ati hivi ndivyo mabingwa hupona baada ya mazoezi. Watu wanapenda, watu wanashea, kocha anapewa heko.

Hakuna mtu anauliza huyo kijana alilala saa ngapi jana. Hakuna mtu anauliza alikula nini baada ya kutoka uwanjani, ama ni lini mara ya mwisho alipata siku nzima bila kukimbizwa.

Nitasema msimamo wangu mapema ili usiseme nimekuzungusha. Kwa mchezaji wa basketi ambaye bado yuko shule, kupona baada ya mazoezi ni vitu vitatu: usingizi, chakula na siku ya kupumzika. Vingine vyote ni nyongeza. Na hivyo vitatu haviko mikononi mwa mtoto. Viko mikononi mwa mwalimu mkuu anayepanga kengele, kocha anayepanga mazoezi, na wakubwa wa michezo wanaopanga mashindano. Kwa hivyo tukimpa mtoto pipa la barafu na bunduki ya masaji huku tumemnyang'anya usingizi, hatujamsaidia. Tumemsukumia yeye kazi ambayo ni yetu.

Kwanza tuelewane mwili unafanya nini

Mechi kamili ya sheria za FIBA ni dakika 40, robo nne za dakika 10. Ndani ya hizo dakika mchezaji anakimbia kwa kasi, anasimama ghafla, anageuka, anaruka, anatua. Ukitua kutoka kwa ribaundi, miguu inabeba uzito mara kadhaa kuliko ule unaouona kwenye mizani. Sasa weka hiyo juu ya saruji, juu shule nyingi hapa kwetu hazina sakafu ya mbao. Zina saruji ama lami, na pete iliyopinda.

Baada ya hapo mwili una kazi tatu. Kurudisha maji na chumvi zilizotoka na jasho. Kujaza tena akiba ya wanga kwenye misuli, ile ndiyo petroli ya mbio fupi. Na kurekebisha nyuzi za misuli zilizochanika kidogo kidogo. Hiyo ya tatu ndiyo inaleta maumivu unayosikia ukishuka ngazi kesho yake. Maumivu hayo hupanda kati ya saa 24 na 72 baada ya mazoezi, halafu yanaisha yenyewe.

Na tafadhali, tuachane na hii stori ya asidi ya laktiki. Bado kuna makocha wanaamsha timu alfajiri baada ya mechi "kutoa laktiki." Hiyo laktiki huondoka kwenye damu ndani ya saa moja hivi baada ya kumaliza kucheza. Ukimwamsha mtoto saa kumi usiku kuitoa, unamwamshia kitu kilichoondoka jana kabla hajaoga.

Halafu kuna jambo ambalo watu wazima wanalisahau kabisa. Huyu mchezaji bado anakua. Mifupa yake ina sehemu laini za kukulia ambazo hazijafunga. Ule uvimbe wenye maumivu chini ya goti ambao vijana wengi wa basketi wanapata, madaktari wanauita Osgood-Schlatter. Unatokea pale msuli wa paja unapovuta na kuvuta mahali ambapo mfupa bado unakua. Dawa yake kubwa ni kupunguza kuruka kwa muda. Si kumwambia mtoto akaze roho.

Usingizi: hesabu ya darasa la nne

Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2016: kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kila usiku. Hiyo ni kwa kijana wa kawaida, hata yule asiyegusa mpira.

Sasa chukua ratiba ya shule ya bweni ambayo wengi wetu tunaijua. Masomo ya usiku yanaisha saa nne. Mpaka uoge, upange sanduku, taa izimwe, ni saa nne na nusu. Kengele ya asubuhi inalia saa kumi na nusu. Hizo ni saa 6. Kwa usiku mmoja umekosa saa 2 kutoka kiwango cha chini kabisa. Kwa siku tano za wiki umekosa saa 10. Yaani kila wiki mtoto anapoteza usiku mzima na chenji inabaki. Halafu Jumamosi anaamshwa tena aende mechi ya kirafiki.

Na kabla hujaniambia serikali ndiyo imetaka hivyo, Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinaweka masomo ya darasani kati ya saa 2.00 asubuhi na saa 9.30 alasiri, kisha saa 9.30 hadi 10.45 jioni ni za michezo na shughuli kama hizo. Soma tena. Saa mbili asubuhi. Sheria imeipa michezo nafasi yake mchana, jua likiwa bado liko. Nani sasa aliandika mbio za saa kumi na moja alfajiri? Ni sisi wenyewe, juu ule muda wa alasiri umemezwa na masomo ya ziada, na basketi ikasukumwa gizani.

Kwa nini nakazania usingizi hivi? Kwa sababu usiku, mtoto akiwa kwenye usingizi mzito, ndipo mwili unatoa homoni ya ukuaji kwa wingi. Ndipo yale mazoezi yako ya jana yanageuka kuwa nguvu. Ukikata usingizi, umelipia mazoezi ukakataa kuchukua mzigo.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua wachezaji 11 wa timu ya wanaume ya basketi ya chuo hicho, wakawaambia wakae kitandani angalau saa 10 kila usiku kwa wiki 5 hadi 7. Hawakuongezewa mazoezi mapya. Muda wa mbio zao za uwanjani ulishuka kutoka sekunde 16.2 hadi 15.5. Mitupo huru ikapanda kwa asilimia 9, na ya pointi tatu kwa asilimia 9 na kidogo. Ni watu wachache, sawa, na hakukuwa na kundi la kulinganisha. Lakini niambie ni pipa gani la barafu limewahi kukupa asilimia 9 ya mitupo huru.

Mwaka 2014 ukatoka utafiti mwingine, wa wanafunzi 112 wanamichezo kutoka shule moja ya Los Angeles. Waliokuwa wanalala chini ya saa 8 walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 1.7 zaidi ya wenzao. Kocha, kama unalia kila msimu ati wachezaji wako wanaumia kabla ya mashindano ya mkoa, anza kuangalia kengele ya bweni kabla hujaangalia viatu.

Haya, tuje kwa barafu yenyewe

Sina chuki na barafu. Nina shida na vile mnaitumia.

Yule daktari aliyewapa watu wa michezo ile kanuni maarufu ya kupumzika, kuweka barafu, kufunga bandeji na kuinua mguu ni Gabe Mirkin, Mmarekani, kwenye kitabu chake cha mwaka 1978. Mwaka 2014 yeye mwenyewe alirudi akaandika kwamba barafu, pamoja na kulala tu bila kusogea kabisa, inaweza kuchelewesha kupona. Mwenye kanuni ameshairekebisha. Sisi huku bado tunaimba aya ya kwanza.

Mwaka 2015 watafiti kule Australia na wenzao walifuatilia wanaume waliofanya mazoezi ya nguvu ya miguu kwa wiki 12. Kundi moja lilikuwa linaingia maji baridi dakika 10 kila baada ya mazoezi. Lingine liliendesha baiskeli polepole. Wale wa maji baridi waliongeza misuli kidogo na nguvu kidogo kuliko wenzao. Maana yake ni nini kwa kijana wako wa miaka 16 ambaye mko kwenye muhula wa kumjenga miguu? Kila siku ukimzamisha kwenye barafu, huenda unazima ule ule moto uliokuwa unapika kazi yako.

Barafu ina mahali pake. Kama timu ina mechi asubuhi na nyingine jioni, ama nusu fainali leo na fainali kesho, maji baridi yanaweza kupunguza yale maumivu ya misuli na mchezaji akajisikia mwepesi. Hapo sawa. Mtu akivimba kifundo cha mguu, kitambaa chenye barafu kwa dakika chache kitatuliza maumivu. Hapo pia sawa. Lakini hiyo ni huduma ya dharura. Haiwezi kuwa ndiyo mpango wa muhula mzima.

Na kunyoosha viungo? Mnyooshe, inasaidia wepesi wa mwili na inafunga mazoezi vizuri. Ila mapitio makubwa ya tafiti yaliyotoka mwaka 2011 yalionyesha kwamba kunyoosha kabla ama baada ya mazoezi hakupunguzi maumivu ya misuli kwa kiasi cha maana. Kutembea polepole na kupiga mitupo huru kwa dakika tano hadi kumi baada ya mechi ni njia nzuri tu ya kutuliza mwili, na haihitaji kununua kitu.

Bunduki za masaji nazo zinatuliza, sikatai. Lakini hao wanaozitangaza kwa vijana wa sekondari wanajua vizuri kwamba hiyo pesa ni karo ya mtu. Elfu kadhaa za mashine ya kutetemesha paja, na mtoto hajala mayai tangu muhula uanze. Acheni mchezo.

Chakula: mnataka wabebe timu kwa chai ya rangi?

Mchezaji wa kilo 60 anahitaji kama gramu 15 hadi 20 za protini baada ya mazoezi makali, pamoja na wanga wa kujaza akiba. Wengine wakisikia hivyo wanakimbilia duka la unga kwenye mikebe mikubwa yenye picha ya mtu mwenye kifua kama mlango. Ngoja kwanza. Pakiti ya maziwa ya nusu lita ina kama gramu 16. Yai moja ni kama gramu 6. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa ni kama gramu 15. Githeri, mchanganyiko wetu wa mahindi na maharagwe ambao watu wanaudharau, ni wanga na protini kwa sahani moja. Omena nao ni protini na kalsiamu. Ndizi mbili na maziwa baada ya mazoezi ni chakula cha kupona ambacho hata timu za pesa haziwezi kukicheka.

Shida si kwamba Kenya haina chakula cha wanariadha. Shida ni ratiba, tena. Mtoto amekula saa saba mchana. Amefanya mazoezi alasiri. Akifika jikoni amechelewa, amekuta ugali umebaki upande mmoja na sukuma mbili za juu. Kesho saa kumi na moja anakimbia tena na tumbo tupu. Shule inayoweza kupata pesa za jezi mpya zenye majina mgongoni inaweza kupata ndoo ya uji wenye maziwa ikingoja kando ya uwanja. Chagueni.

Na vile vinywaji vya kuongeza nguvu, vile vya mkebe vyenye kafeini, vitoeni kwenye mabegi ya watoto. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema wazi mwaka 2011 kwamba havina nafasi kwenye lishe ya watoto na vijana. Mtoto anavinywa alasiri apate nguvu kwa sababu hakulala, halafu usiku hapati usingizi kwa sababu alivinywa. Huo ni mzunguko ambao hautamtoa mtu popote.

Wasichana wanaumia kimya kimya

Hapa naomba makocha wa timu za wasichana mkae chini kidogo. Kwenye michezo ya kuruka na kukata kona, wasichana wako kwenye hatari kubwa kuliko wavulana ya kuchana ile kano ya ndani ya goti inayoitwa ACL. Hiyo ikichanika ni upasuaji na miezi mingi ya mazoezi ya kurudi, na familia nyingi haziwezi kulipia hata kipimo cha kwanza.

Halafu kuna uchovu ambao mnauita uvivu. Msichana anayecheza kila siku, anayepata hedhi, na asiyekula vyakula vyenye madini ya chuma anaweza kuishiwa damu polepole. Anaanza kuchelewa kwenye ulinzi, anahema haraka, kocha anamwongezea mizunguko kama adhabu. Mwingine hedhi inakatika miezi mitatu, na wenzake wanamwambia ndiyo raha ya mazoezi. Hapana. Mara nyingi hiyo ni alama kwamba mwili haupati chakula cha kutosha kwa kazi unayofanya, na mifupa ndiyo italipa. Madam wa timu akiuliza hilo swali kwa heshima, faraghani, atakuwa amefanya kazi ambayo mashine yoyote ya kupona haiwezi.

Na wote, wavulana kwa wasichana, wacheni kugawana diklofenaki kama peremende. Naona vijana wanameza kabla ya mechi wasisikie goti. Maumivu ni ujumbe. Ukizima simu haimaanishi hakuna anayepiga. Tena dawa hizo mwilini mwa mtu aliyekaukiwa na maji, ndani ya jua la saa nane, ni mzigo kwa figo.

Mashindano yetu yanapangwa kana kwamba wachezaji ni magari

Mwaka 2016 NBA na shirikisho la basketi la Marekani walitoa mwongozo wa basketi ya vijana. Kwa wanafunzi wa umri wa sekondari walisema hivi: mechi 2 hadi 3 kwa wiki, mazoezi mara 3 hadi 4 kwa wiki, siku moja angalau ya kupumzika kabisa, na usingizi wa saa 8 hadi 10. Hao ni watu wenye viwanja vya mbao, wauguzi wa timu na mabasi yenye viti vya kulala.

Sisi je? Kwenye mashindano ya shule, timu inaweza kucheza mechi mbili kwa siku moja, ikarudi kesho kwa nusu fainali na fainali. Ukishinda kaunti ndogo unaenda kaunti, kisha mkoa, kisha taifa, na ukibahatika Afrika Mashariki. Mechi za wiki nzima za mwongozo wa NBA sisi tunazimaliza kabla ya chakula cha jioni cha siku ya pili. Na usiku timu imelala kwenye sakafu ya darasa la shule mwenyeji, godoro limebanana na godoro, wengine wanapiga stori hadi saa saba.

Najua pesa hakuna. Najua siku ni chache. Lakini kuna vitu havihitaji pesa. Mnaweza kuzuia timu moja kucheza mechi mbili ndani ya saa chache. Mnaweza kupunguza dakika za mechi za makundi. Mnaweza kumlazimisha kocha atumie benchi, juu wale watoto saba waliovaa jezi na kukaa hawakuja kupiga makofi. Mnaweza kuzima taa saa tatu usiku na mwalimu mmoja akakaa mlangoni. Hayo yote ni karatasi na kalamu tu.

Nawasikia mkinijibu

Wa kwanza atasema, "Sisi tuliamka saa kumi na tukatoboa." Sawa mzee, shikamoo, hongera. Lakini anayeongea ni yule aliyetoboa. Wale magoti yao yaliisha kidato cha tatu hawaitwi kutoa hotuba siku ya zawadi. Ukihesabu waliofika peke yao, hata barabara mbovu itaonekana nzuri.

Wa pili atasema nawalea watoto kama mayai. Kwani nimesema wasifanye mazoezi makali? Mazoezi makali ni lazima. Wakimbie, waruke, walie. Halafu wapewe muda wa hiyo kazi kuingia mwilini. Mkulima wa Kinangop anajua hawezi kuvuna viazi kila Jumatatu kwa shamba lile lile. Mbona kocha mwenye cheti hajui?

Wa tatu atasema nafasi ni chache na ushindani ni mkali. Hapo ndipo nakubaliana na wewe kabisa, na ndiyo maana nimekasirika. Njia sasa ipo kuliko zamani. Nairobi City Thunder waliifikisha Kenya kwenye ligi ya BAL mwaka 2025, klabu ya kwanza kutoka kwetu. Madina Okot alipitia Kaya Tiwi kule Kwale, akaenda Zetech, kisha Mississippi State na South Carolina. Na kumbuka alianza na voliboli, basketi alikuja kuishika baadaye. Hakusagwa na mpira mmoja tangu darasa la tano. Kila shule sasa inataka Madina wake. Lakini wakati huo mzuri ukifika, mtoto wako anatakiwa awe na magoti mawili yanayofanya kazi. Skauti hamchukui mtu kwa sababu ya kombe la kaunti la mwaka juzi.

Basi tufanye nini?

Mwalimu mkuu, rudisha michezo kwenye muda wake, saa 9.30 hadi 10.45. Ukitaka masomo ya ziada, usiyalipe kwa usingizi wa mtoto. Timu ikirudi usiku kutoka safari, waache walale asubuhi ifuatayo bila kuwaita watoro.

Kocha, siku moja kwa wiki isiwe na basketi kabisa, hata video usiwaonyeshe. Kesho ya mechi ngumu, fanya mazoezi mepesi ya mitupo na kutembea. Kila asubuhi uliza maswali matatu: umelala saa ngapi, unaumwa wapi, umekula nini. Andika kwenye daftari. Mchezaji akisema goti linauma siku tatu mfululizo, mtoe, mpeleke kwa fizio ama hospitali, na usimpe jina la mwoga.

Mzazi, siku ya kutembelea shule, kabla hujauliza nambari darasani, uliza taa huzimwa saa ngapi na kengele ya asubuhi ni saa ngapi. Toa hizo mbili. Ikiwa jibu ni chini ya 8, hapo una kikao na mwalimu mkuu. Na zile pesa ulitaka kununulia mashine ya masaji, nunua maziwa ya pakiti yasiyoharibika, njugu na ndizi.

Wewe mchezaji, najua hupangi kengele. Lakini kuna saa ambazo ni zako. Wikendi ukiwa nyumbani, simu ikae chumba kingine usiku. Ukipata dakika 20 za kulala mchana, lala, usione haya. Kunywa maji hadi mkojo uwe wa rangi hafifu. Kula kilichopo ndani ya saa moja baada ya mazoezi, hata kama ni githeri baridi. Na ukiumia, sema siku hiyo hiyo.

Na nyinyi wenzangu wa kutengeneza video, mnaolipwa kuonyesha mapipa, mashine na mikebe: wafuasi wenu wengi ni watoto wa miaka 14. Wiki ijayo wekeni klipu moja ya mtu amelala. Haitapata watazamaji, najua. Wekeni tu.

Muhula wa kwanza ndio wa basketi, na ratiba yake huandikwa kabla mtoto hajafungua shule. Kwa hivyo wazazi na makocha, msingoje mtoto achechemee ndipo muanze kutafuta barafu. Nendeni ofisini sasa, muombe muone hiyo ratiba, mhesabu saa za usingizi pamoja na mwalimu mkuu akiwa hapo anawaangalia.